Gari Lililorudi Likakuta Pamekaliwa

Leicester, Uingereza
11 Machi 1984

Kaka yangu Khamala,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi. Mimi ni mzima, nakula, nalala, ila nywele zimeanza kunitoka utosini kama za marehemu baba. Natumaini wewe na shemeji Sella mko salama hapo Silanga, karakana bado inatoa vitanda, na lile bwawa halijapanda tena mpaka mlangoni kwenu. Mama nadhani yuko Chwele anawafokea kuku. Je, mke wangu Nabwire hajambo? Sijui kama bado yuko kwenye kile chumba tulichopanga kwa Gachanja pale Kongo, Kawangware, au alihama. Mwambie nimeuliza.

Najua nimekawia kuandika. Mambo yalipinda kidogo. Tuyaache hayo, yaliyopita si ndwele.

Nimepata kazi ya ajabu. Niko katika chumba juu ya duka la viatu pamoja na vijana watatu wa Kizungu, na tunatengeneza michezo ya kompyuta. Kompyuta ni kama taipureta iliyofungwa kwenye televisheni. Unaiandikia amri, nayo inatii kama kuruta, haiulizi kwa nini. Mchezo wangu ni wa kuendesha gari. Mtu anakaa nyumbani kwake anabonyeza vitufe, na gari linakimbia kwenye televisheni.

Kazi yangu hasa ni kulifanya gari lijue liko wapi. Nimelipa namba tatu. Ya kwanza inasema limefika wapi kwenye barabara, ya pili inasema limekaa upande gani wa katikati, na ya tatu inasema limetazama wapi. Gari halina zaidi ya hayo. Ukizijua namba hizo tatu umelijua gari lote.

Barabara nimeichora ya kwetu. Inaanzia juu Kawangware, inashuka Kongo, inapita Kibera kando ya reli mpaka Silanga bwawani. Wazungu wameipenda kwa mashimo yake. Pembeni nimeweka watu, na mmoja ni mama mnene mwenye gunia la makaa ambaye nilimchora nikimfikiria shemeji Sella. Gari likimgonga, gunia linapasuka na makaa yanaruka juu. Wachezaji wanacheka sana hapo. Mwambie amekuwa maarufu Ulaya.

Ombi langu ni hili. Ile kona ya Kongo karibu na bomba la maji, ukitoka juu inapinda kulia au kushoto? Nimesahau, na bila hiyo siwezi kumaliza. Nijibu upesi.

Mdogo wako,
Wekulo


Silanga, Kibera
2 Mei 1984

Wekulo,

Salamu. Sisi tuko. Mvua imekataa mwaka huu, mahindi tunayonunua ni ya manjano na watoto wanasema yananuka. Bwawa limerudi nyuma mpaka watu wamelima sukuma wiki pale palipokuwa maji. Sella ni mzima, mama yuko Chwele, watoto hawajambo. Yule mdogo kabisa, Wekulo, ameota meno mawili na jana alining'ata kidole.

Barua yako niliisoma nimesimama, halafu nikakaa juu ya mbao. Mwandiko ni wako. Kona inapinda kushoto. Nimekujibu hilo kwanza kwa sababu naona ndilo lililokufanya ununue stempu baada ya miaka minne.

Sasa nisikilize. Wewe ni marehemu. Tulikuzika mwaka wa themanini na mbili. Murunga, yule jirani yetu aliyekuwa akisoma huko, alirudi akasema kuna Mluhya, kijana mrefu, ametumbukia na gari kwenye mfereji wa maji na maiti haikuonekana. Hakumwona mwenyewe, alisikia. Nilikuandikia kwa anwani yako ya zamani, nikaandika tena, kimya. Kama ungejibu hata kwa neno moja la matusi, tungefurahi.

Ukoo ukakaa. Unajua kwetu mtu asiye na maiti huzikiwa mgomba. Niliukata mimi mwenyewe, kwa sababu mimi ndiye mkubwa wako. Tukauvika shati lako la shule, lile la buluu, tukaulaza shimoni karibu na baba. Mama alitaka kuingia humo ndani akashikwa na wanawake. Nilikuchongea msalaba wa mvule. Hukustahili mvule, lakini wakati huo nilikuwa sijui.

Sella anauliza swali moja tu. Yeye akigongwa na hilo gari lako, huwa unamrudisha?

Niambie ulikuwa wapi. Habari za gari sizitaki.

Khamala


Leicester
20 Mei 1984

Kaka mpendwa,

Nimefurahi kusikia nyote ni wazima, ingawa mvua imewanyima. Huku inanyesha mpaka inachosha, laiti ningeweza kuwatumia nusu. Mimi nina mafua lakini kazi haingoji.

Niliposoma kwamba nimezikwa nilicheka mpaka mwenzangu akaniletea maji. Baadaye chumbani sikucheka tena. Lile shati la buluu nililipenda.

Kona ya kushoto imekaa vizuri, asante. Mwambie shemeji Sella kwamba watu wa pembeni hawarudishwi. Kumbukumbu ya kompyuta ni ndogo, haiwezi kuwawekea namba watu wote. Ni gari tu linalorudishwa, na nataka nikueleze jinsi, maana ni kazi ninayojivunia.

Mwanzoni gari likitoka barabarani lilipotea kabisa. Lilipita kwenye nyasi, likapita miti, likaingia mahali palipo peupe pasipo na kitu, na mchezaji alibaki anabonyeza vitufe bure. Sasa nimeliwekea akiba. Kila wakati gari likiwa ndani ya kingo za barabara, programu inazihifadhi zile namba tatu. Likitoka likazidi kukaa nje, programu inaifuta safari yote mbaya. Inachukua namba za mwisho zilizokuwa salama, inaliinua gari na kuliweka pale pale, katikati ya barabara, limetazama mbele, limesimama tuli. Halilaumiwi. Hakuna anayeliuliza lilikuwa wapi.

Kaka, nami nataka hivyo hivyo. Mahali pangu pa mwisho palipokuwa salama ni mlango wa chumba cha Kongo, na Nabwire amesimama pale anafunga leso. Hukuniandikia neno juu yake. Yuko wapi?

Sheria ya wazee wetu naijua. Aliyezikwa mgomba hakanyagi ua wa nyumbani mpaka mgomba ufukuliwe, na anayeufukua ni yule aliyeuzika, kwa mkono wake mwenyewe. Kwako hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Nenda Chwele, chukua jembe, unifukue, halafu umwambie mama mwanawe yu hai.

Hongera kwa mtoto, na asante kwa kumpa jina langu. Nilidhani shemeji alikwisha acha kuzaa.

Wako,
Wekulo


Silanga
9 Agosti 1984

Wekulo,

Natumaini mafua yamepona. Huku ukame umekaza, sukuma za bwawani zimekuwa na mashimo kama chujio, lakini vitanda bado vinanunuliwa. Watu hawaachi kuoana kwa sababu ya njaa. Nimekawia kujibu kwa sababu ya kazi, na pia kwa sababu sikutaka.

Umekisia vema, Sella aliacha kuzaa zamani. Mtoto ni wa Nabwire, na baba yake ni mimi.

Usishtuke kama mgeni wa kabila. Tulipomaliza matanga wazee walikaa wakauliza nani atasimama katika nyumba ya marehemu, na marehemu alikuwa na ndugu mmoja tu. Nabwire aliulizwa mbele ya watu, akainama, akakubali. Alipojifungua mvulana tukampa jina la aliyetangulia, kama inavyopasa. Hukupewa heshima, ulipewa haki ya wafu.

Ile barabara unayowachekesha nayo Wazungu ndiyo naipita kwa miguu. Siku nyingine niko Silanga kwa Sella, siku nyingine napandisha Kongo kwa Nabwire. Kile kitanda cha chumba cha Gachanja nilikitengeneza mimi ulipooa, hivyo najua kinapolia.

Nilimpelekea Nabwire habari zako. Alikuwa anakata sukuma, hakuacha kukata. Nikasoma mpaka ile sehemu ya leso, akasema, "Mimi nilimngoja huyo mtu mpaka watu wakaanza kunionea huruma sokoni. Mwambie hiyo kungoja nilimaliza. Kama ako na nguvu sasa yeye angoje." Kisha akaniambia nitoe mtoto juani.

Gachanja naye amesikia, Kongo hakuna siri. Alikuja na fimbo yake akaniuliza, "Khamala, nani bwana ya hii nyumba? Mimi sikodishii watu walikufa." Nikamwambia ni mimi, akaridhika.

Kuufukua mgomba, sitaufukua. Na ninakuonya kwa jambo moja, usimwandikie mama. Hajui. Alilia miaka yake, sasa analala, anakula, ana kuku wake. Aliyelala usimwamshe.

Bado hujaniambia ulikuwa wapi.

Khamala


Leicester
28 Agosti 1984

Khamala,

Salamu kwa shemeji Sella. Mimi niko salama. Kwa wengine sijui nitume salamu gani, maana sijui niwaite nani.

Nilisoma barua yako kazini na ilinibidi nitoke nje. Wewe ndiye uliyenishika mkono siku ya kwanza ya shule. Wewe ndiye uliyenipeleka uwanja wa ndege ukaniambia usiogope, nyumba yako nitaitazama. Kumbe ulikuwa unaitazama hivi.

Usiniambie mila. Mila haikukukataza kungoja. Murunga alikuletea umbea, ukaukumbatia kama habari njema.

Sasa nina shida kazini na itakupendeza, kwa hiyo nakuandikia. Wametaka barabara iwe na magari mengi, si moja. Basi gari la mchezaji likitoka, programu inalirudisha mahali pake pa akiba, kama nilivyokueleza. Lakini siku hizi linakuta gari jingine limekaa hapo hapo. Yanagongana papo kwa papo na yote mawili yanarushwa nje. Programu inaona magari mawili yako nje, inayarudisha yote mawili, mahali pale pale. Yanagongana tena. Niliiacha ikiendelea nikaenda kunywa chai, niliporudi yalikuwa bado yanagongana. Sijapata dawa yake. Nikiangalia namba hazina kosa hata moja, kila gari liko mahali ambapo programu inasema ni pake.

Mama nimemwandikia kupitia kwa mchungaji wa Chwele, amsomee taratibu. Sikukuomba ruhusa. Nimemwambia niko hai, nataka kurudi nyumbani, na kilichobaki ni mkono wa mwanawe mkubwa kushika jembe. Tutaona kama utamkatalia na yeye.

Wekulo


Silanga
30 Oktoba 1984

Wekulo,

Tumepata mvua kidogo, ya kulowesha vumbi. Sella ana kikohozi cha vumbi la makaa anayouza. Wekulo wangu anasimama akishikilia benchi la randa, na ukimwita anageuka. Ni vizuri kuwa na Wekulo anayeitika akiitwa.

Barua yako kwa mama imefika. Mchungaji alimsomea baada ya ibada, mbele ya kina mama wa kwaya, hivyo sasa tarafa nzima inajua kwamba Khamala amemkalia ndugu yake nyumba. Binamu yetu Wepukhulu amekuja hapa na basi kunipa ujumbe. "Mama anasema kuja na jembe." Nimempa chai, nimempa nauli ya kurudi, jibu sikumpa.

Kwa kuwa umemwamsha mama, na mimi nitakwambia kitu ambacho hukukijua. Siku ile ya kukuzika nilikata mgomba vibaya. Mimi ni seremala, najua mti uliokufa, huu mbichi sikuujua. Ilitakiwa niukate juu ya shina ili uoze, mimi nikaung'oa pamoja na mizizi yake. Mvua ya kwanza iliponyesha, kaburi lako lilichipua. Mama alikuwa wa kwanza kuona. Alinishika mkono akaniambia, "Khamala, huyu hajafa." Nikamwambia ni ujinga wangu wa kukata, si kitu kingine. Nikachukua panga, nikakata kile chipukizi mbele yake.

Kikarudi. Kila nikienda nyumbani nakikuta, nami nakikata kabla sijanywa hata maji. Mama alikuwa akisimama mlangoni akinitazama mpaka nimalize.

Basi uliza nilijua au sikujua. Nilijua ninachotaka. Nilifurahi ulipokufa, Wekulo, nakuambia wazi kwa sababu hakuna aliyebaki wa kumficha. Tangu utotoni mimi nilikuwa ndugu yake yule mwenye akili. Niliacha shule wewe uendelee. Nilipooa watu waliuliza kama mdogo wangu amepasi. Hata ulipokaa kimya jina lako lilikaa kwenye kiti na mimi nikakaa kwenye mkeka. Siku ile ya mgomba ndipo nilipoitwa Khamala kwa mara ya kwanza, bila wewe nyuma yake. Ukarudi kuuliza habari za kona.

Nimeifikiria ile shida yako ya magari mawili. Imenipendeza, hukukosea. Mimi ningelifanyia hivi lile linalorudi: kama limekuta pamekaliwa, basi halikuwa na mahali. Ningelifuta.

Ulikuwa wapi?

Khamala


Leicester
18 Novemba 1984

Khamala,

Natumaini kikohozi cha shemeji Sella kimepungua. Ampe mtu mwingine kazi ya kupakua magunia. Mimi nimezima hita chumbani kwangu ili nipate nauli, navaa koti nikilala, lakini ni mzima.

Mchezo umekwisha. Umetiwa kwenye kaseti na utauzwa Krismasi. Ile shida nimeipatia dawa na nilitaka uwe wa kwanza kuisikia, kwa kuwa uliipatia dawa yako.

Siku hizi kabla ya kulirudisha gari, programu inauliza kwanza, hapo pana mtu? Kama pana mtu, inamwondoa yule aliyekaa. Inamfuta, hachorwi tena, na gari la kwanza linashuka mahali pake. Kijana mmoja hapa aliniuliza kwa nini nimfute yule ambaye hakufanya kosa, alikuwa anaendesha tu. Nilimwambia hakufanya kosa, lakini pale si pake. Hakuelewa, ila amekubali kwa sababu mchezo unakwenda vizuri.

Hivyo jibu langu ndilo hilo. Nakuja Pasaka. Nitafika Nairobi na nitapanda Kongo kwanza, nitabisha mlango, na Nabwire ataniambia hayo ya kungoja mimi mwenyewe nikiwa mbele yake. Mtoto simchukii. Wewe utarudi Silanga kwa mkeo.

Mama amenijibu kwa mkono wa mchungaji. Ananiita kwa majina yote ya utotoni. Anasema anakungoja wewe na jembe, kila basi likisimama anatoka kutazama. Nimemwandikia tena kwamba asikungoje. Hiyo ya kusema lazima ufukue wewe, na kwamba mkono mwingine ukifukua unaita kifo, ni maneno ya wazee ya kutisha watoto. Jembe ni jembe. Kama Khamala hataki, mikono ipo mingine.

Kuhusu nilikokuwa, nimekwisha kukuambia. Mambo yalipinda.

Wekulo


Silanga
6 Januari 1985

Wekulo,

Heri ya mwaka mpya. Sella amepona kikohozi. Nabwire ni mzima na ni mjamzito. Wekulo anatembea, ameanguka akapasuka mdomo, amelia kidogo akaendelea.

Mama amefariki.

Barua yako ya pili ilimfikia wiki moja kabla ya Krismasi. Mchungaji anasema alimwomba arudie mara nyingi lile neno, jembe ni jembe. Kesho yake alfajiri, kabla majirani hawajatoka, alitoa jembe lake ukutani akaenda kukufukua.

Unajua alivyokuwa. Mwanamke wa umri ule, na udongo wa Chwele mwaka wa ukame ni kama saruji. Lakini alichimba. Aliyemkuta ni Wepukhulu alipopeleka ng'ombe majini. Shimo lilikuwa limefika kiunoni na mama alikuwa amekaa humo ndani, mgongo kwenye ukuta wa udongo, ameuweka mgomba mapajani. Ulikuwa bado mbichi katikati. Kipande cha kola ya shati lako la buluu kilikuwa kimebaki, alikuwa amekipangusa. Alikuwa bado anapumua. Wepukhulu anasema alimwambia kitu kimoja tu. "Nimemtoa. Mwambieni aingie."

Akafa wakimbeba kuelekea nyumbani.

Wazee wanasema ni mkono usio wake uliofukua. Daktari wa zahanati anasema ni moyo. Mimi nasema ni wewe, uliyemwambia jembe ni jembe ukiwa umekaa juu ya duka la viatu. Na nasema ni mimi pia, nisije nikaonekana najitoa. Ujumbe wa Wepukhulu niliupata na nilijua mama hana subira. Nilikaa hapa nikapiga randa. Nilitaka kuona kama ataweza kukupenda kiasi hicho, nimeona.

Niliwasili jioni ya siku ya pili. Wazee walikuwa wamechagua mahali pa kumzika, upande wa kulia wa baba, kwenye kivuli cha mkuyu. Vijana walikwisha shika sepetu. Nikawaambia waache. Nikawaambia mbona shimo lipo, limechimbwa na mwenyewe, amebakiza kidogo tu. Walinong'ona, mchungaji akajaribu kunivuta kando. Lakini baba hayupo, wewe ni marehemu, na mwenye kusema katika ua ule ni mimi peke yangu. Nikaingia nikalipanua. Jeneza nilimtengenezea kwa mikono yangu, la mvule, safari hii nikijua linastahili.

Tumemzika humo, Wekulo. Katika shimo lako, chini ya msalaba wako. Jina lako nililifuta kwa randa, nikaandika la mama juu yake.

Mgomba niliukuta kando ya shimo, ulipoachwa walipombeba. Nilitaka kuuchoma. Baadaye nikaona nisifanye haraka, nikauweka chini ya miguu yake, nikaurudishia udongo mimi mwenyewe, kwa mkono ule ule wa kwanza. Kwa hiyo bado umezikwa, na aliyekuzika bado ni mimi.

Wewe uliniandikia dawa ya magari mawili. Nimekaa nayo sikukuu nzima. Unamwondoa aliyekaa, unashuka mahali pake. Haya, shuka. Njoo Pasaka, Kongo nitakuachia hata mlango wazi, Nabwire ana mdomo wake wa kukujibu. Lakini nyumbani Chwele hutakanyaga mpaka mgomba ule utoke, na juu ya mgomba yupo mama.

Jembe lake nimelirudisha ukutani, pale pale alipokuwa akilitundika. Sikulifuta udongo. Utalikuta.

Ndugu yako,
Khamala